Walikosa tiketi bila kufungwa uwanjani: kisa cha mabinti wa Bagamoyo

Timu ya soka ya mabinti imecheza mechi tatu imeshinda zote tatu, imemfunga hata yule aliyekuja kuvaa medali, na bado ligi ya mkoa ilipoisha yenyewe ikabaki nyumbani Bagamoyo. Ukiuliza pale soko la samaki watakwambia ni uzembe wa kocha, ukienda stendi watakwambia kuna fitna, shuleni wanasema mpira ulitaka kuharibu masomo. Mi nimekifuatilia hiki kisa, nimekaa na kocha, nimeongea na wazazi wawili watatu, naona kila mmoja ameshika kipande chake cha ukweli ila tatizo kubwa limekaa sehemu ambayo hakuna anayeiangalia, nayo ni urefu wa ligi yenyewe.

Majina ya timu naacha, ya watu pia, na vitu vidogo vidogo nimevihamisha kidogo ili binti wa mtu asinyooshewe kidole mtaani.

Kwa asiyefuatilia soka la wanawake, ngazi ziko hivi. Juu kabisa kuna Ligi Kuu ya Wanawake, ilianza msimu wa 2016/17, na watu wa Pwani hapa tuna haki ya kutamba maana bingwa wa kwanza kabisa hakuwa Simba wala Yanga wala JKT, alikuwa Mlandizi Queens, timu ya hapo Mlandizi, mkoa wetu huu huu. Baada ya hapo JKT Queens na Simba Queens wakaanza kupokezana kombe wao kwa wao. Chini ya Ligi Kuu kuna Daraja la Kwanza, na chini zaidi ndo ligi za mikoa, bingwa wa mkoa anatoka kwenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine kugombea kupanda. Huku chini hakuna kamera, hakuna kiingilio, maji mnabeba wenyewe kwenye ndoo, na nafasi ya kutoka ni moja tu. Moja.

Msimu huo timu zilizojitokeza zilikuwa tano. Timu tano mzunguko mmoja ni mechi kumi ligi nzima, yaani kila timu inacheza mechi nne, mbili nyumbani mbili ugenini, na imeisha. Hapo ndo msimu wako wote wa mwaka. Umefanya mazoezi miezi na miezi pale uwanjani kwa ajili ya dakika 360.

Mabinti wetu walianza vizuri kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Mechi ya kwanza 4-1, ya pili 3-1, ya tatu wakakutana na timu ambayo kila mtu aliipa ubingwa, wakaifunga 1-0, goli la kona, beki mmoja anayechezaga na hijabu yake na taitsi ndefu akaruka juu ya watu wote akapiga kichwa. (Kuna mzee pembeni alikuwa analalamika eti mbona refa anaruhusu hijabu uwanjani, mzee wangu, hilo liliruhusiwa rasmi duniani tangu 2014, tusirudishane huko.) Kwa hiyo mechi tatu pointi 9, magoli 8 ya kufunga, 2 ya kufungwa. Yule mpinzani yeye ratiba yake iliisha mapema, alishinda zilizobaki 2-0, 3-0 na 2-1, akamaliza na pointi 9, magoli 7 kwa 2. Hesabu zake zimeshafungwa, anasubiri tu.

Ikabaki mechi moja, ugenini Mkuranga, na wenyeji wenyewe walikuwa mkiani na pointi moja tu. Mechi Jumamosi. Kosta imeshapatikana, kuna tajiri mmoja wa samaki alijitolea, jezi zimefuliwa.

Ijumaa jioni ikaingia meseji kwenye grupu la WhatsApp la viongozi wa timu kwamba uwanja Jumamosi una mechi ya wanaume, hivyo mchezo unasogezwa hadi Jumatano saa kumi. Mechi ya wanawake ndo inayosogea, hilo hata halishangazi tena, uwanja ukigombaniwa anayetolewa anajulikana kabla ya kikao. Lakini Jumatano ile ilikuwa katikati ya wiki ya mtihani wa moko wa kidato cha nne, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba.

Sasa timu ilikuwa imesajili wachezaji 18. Saba kati yao kidato cha nne. Mmoja goti, mwingine alishaondoka katikati ya msimu kwenda kufanya majaribio na timu ya jijini, na huwezi kumlaumu, ukitoka Bagamoyo ukapita Bunju mpaka Mbweni hapo ndo wanapochezea JKT Queens, yaani timu iliyobeba ubingwa wa nchi zaidi ya mara moja iko barabara moja na sisi, binti anaiona Ligi Kuu kwa nauli ya daladala. 18 toa 7 toa 2, wanabaki 9.

Jumatatu asubuhi kocha akaenda shuleni kuomba ruhusa. Mkuu wa shule, mama mmoja mpole tu siku zote, siku hiyo alikuwa mkali. Akamwambia, "Kocha, hawa watoto wakifeli Novemba atakayeulizwa ni nani, wewe au mimi?" Kocha akajaribu kusema Mheshimiwa hii ni mechi ya ubingwa wa mkoa, mama akajibu moko nayo ni ya mkoa. Hakukuwa na la kuongeza. Na hapa naomba nisimame upande wa mama, watu wamemsema sana kwamba hapendi michezo wakati huyo huyo ndo anayetoa watoto kwenda UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, kila mwaka bila kinyongo, na wengi wa hawa mabinti walianza kuonekana huko. Tofauti ni kwamba UMISSETA ratiba yake inajua kuna shule. Ligi ya mkoa haijui, inachukua wanafunzi halafu inapanga Jumatano kama vile inachezesha watu wazima wenye mishahara.

Jumanne usiku kikao cha haraka nyumbani kwa kocha. Nahodha akasema, "Mwalimu, twende hata hao tisa." Kocha akamjibu, "Mwanangu, tisa tutaenda kuchekwa." Na hela nayo ilikuwa imekaa vibaya. Tajiri wa samaki alilipia Kosta ya Jumamosi, ila Kosta ukiikodi Jumatano unamtoa dereva njiani siku ya kazi, lazima ulipe hesabu ya mwenye gari nzima pamoja na mafuta, na uwe na watu tisa au ishirini bei ni ile ile. Katibu akatuma jibu kwenye grupu kwamba timu haitaweza, siku ibadilishwe. Akalituma kwa voisi noti, kumbuka hilo.

Jumatano saa kumi refa na kamisaa walifika, wenyeji walifika wakavaa, wageni hawakuonekana. Pointi tatu na magoli matatu za mezani kwa Mkuranga, na faini juu.

Hapo ndo uangalie msimamo. Mabinti wetu pointi 9 zile zile, ila magoli sasa 8 kwa 5, tofauti 3. Mpinzani pointi 9, magoli 7 kwa 2, tofauti 5. Bingwa ni yule waliyemfunga. Rufaa iliandikwa, ikatupwa, sababu iliyotolewa ni kwamba timu haikutoa taarifa kwa maandishi ndani ya muda. Voisi noti siyo maandishi. Kiukweli kikanuni sioni pa kuwabana waliotoa uamuzi, ukitaka kucheza ligi lazima ujue kuandika barua, hata kama wao taarifa ya kubadilisha mechi wameituma kwenye grupu hilo hilo la salamu za Ijumaa na stika.

Tuje kwenye kocha sasa. Mi namlaumu, ila siyo kwa lile wanalomlaumia watu. Sheria ya 3 ya mpira inasema mechi haianzi ikiwa timu moja ina wachezaji chini ya 7. Yeye alikuwa na 9. Na hesabu aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa "tunahitaji droo", hiyo ni kweli lakini haikuwa yote, maana hebu rudi kwenye magoli. Wangeenda Mkuranga na watu tisa wakafungwa 1-0 wangekuwa na 8 kwa 3, tofauti 5, sawa na mpinzani, na ukishalingana hapo kinachofuata ni nani kafunga mengi, wao 8 yeye 7. Wangekuwa mabingwa kwa kufungwa! Tisa nyuma ya mpira dakika 90, dhidi ya timu ya mwisho kwenye msimamo, kazi yenu ni kutofungwa mawili tu. Wangepanda daladala mpaka Makumbusho, kutoka hapo Mbagala Rangi Tatu, kutoka hapo Mkuranga, wakafika wamechoka wakachekwa na wakarudi na kombe. Nilipomwonyesha kocha hii hesabu kwenye karatasi alinyamaza, halafu akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mechi inachezwa na tisa kuanzia mwanzo, alijua ni lazima uanze kumi na moja ndo wengine watolewe kwa kadi. Kocha huyu hana kozi yoyote, alikuwa mchezaji wa ndondo, amejitolea. Hapo utamlaumu mpaka lini.

Kuna watu wamelishikia bango lile la kutazama walipokutana. Wanasema kama kanuni ingekuwa kama ya CAF kwenye makundi ya AFCON, ambapo timu zikilingana pointi kinachoangaliwa kwanza ni matokeo yao wenyewe walipokutana, basi Bagamoyo ndo bingwa kwa lile goli la kona. Ni hoja nzuri na mi naiunga mkono kwa ligi fupi kama hii, kwa sababu kwenye mechi nne magoli matatu ya mezani yana uzito wa ajabu, yanabomoa kazi ya mwaka kwa kalamu. Lakini usiitegemee sana. Ligi ingekuwa na matokeo tofauti kidogo kanuni hiyo hiyo ingewaumiza wao.

Nirudi kwenye urefu. Ligi Kuu ikiwa na timu 10, nyumbani na ugenini, kila timu inacheza mechi 18. Timu ikikosa kufika mechi moja huko imejiumiza, itasemwa redioni siku mbili, ila bado ina mechi 17 za kujitengenezea. Huku mkoani kukosa mechi moja ni robo ya msimu. Malaria ya kipa, kifo kwenye familia ya kocha, Kosta kuharibika Bunju, mtihani, chochote kile ambacho timu ya kawaida inakimeza na kuendelea, huku kinakuua. Afu tunashangaa mbona bingwa wa mkoa akienda kukutana na wenzake wa mikoa mingine anapigwa nyingi, wakati mchezaji wake amecheza mechi nne za ushindani mwaka mzima na anakutana na mtu kutoka mkoa wenye timu nyingi aliyecheza mara tatu ya hizo.

Na watu wakisikia hivi wanakimbilia kusema dawa ni kufuta haya mambo ya mikoa, iwe ligi moja ya taifa ya daraja la chini. Hapana jamani. Kugawana kwa maeneo siyo kosa, hata matajiri wamefanya. Ujerumani, ambao walishabeba Kombe la Dunia la wanawake 2003 na 2007, daraja lao la pili lilipoanza 2004 lilikuwa na makundi mawili, Kaskazini na Kusini, na likaendelea hivyo mpaka 2018 ndo wakaunganisha kuwa ligi moja. Sweden nao daraja la pili lilikuwa Norrettan kwa watu wa kaskazini na Söderettan kwa watu wa kusini, wameunganisha 2013 tu wakaiita Elitettan. Kwa timu ya daraja la pili safari ndo adui, iwe Sweden iwe Pwani. Ila angalia kitu kimoja, yale makundi ya Ujerumani yalikuwa na timu 12 kila moja, yaani mechi 22 kwa msimu. Walipunguza kilomita, mechi hawakupunguza. Sisi tumepunguza mechi ili kupunguza kilomita, na kilomita zenyewe hazijapungua.

Maana ebu angalia ramani ya Pwani ilivyokaa, mkoa umeizunguka Dar kama mtu aliyekumbatia mto. Bagamoyo iko juu, Mkuranga chini, na katikati kuna jiji zima la kuvuka na foleni zake. Timu ya Mafia wakitaka kuja Bagamoyo wanapanda boti Kilindoni, wanashukia Nyamisati kule Kibiti, wanaanza safari ya gari, wanavuka Dar, ndo wafike. Hiyo ni "mechi ya ndani ya mkoa". Wakati huo huo Bunju na Tegeta wako hapo pua na mdomo, watoto wao na wa kwetu wanapanda daladala moja, lakini kimashindano ni mkoa mwingine kwa hiyo hatukutani mpaka tuwe mabingwa. Kikanuni inaeleweka, kwa mwenye nauli mkononi haieleweki. Mechi ambayo mabinti walishindwa kwenda iliwataka wapite Bunju, wapite Tegeta, wapite Mwenge, wapite timu kibao za wanawake ambazo wangeweza kucheza nazo wakarudi nyumbani kabla ya magharibi.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alikosea kwenye kisa hiki nitakwambia kocha alikosa hesabu, katibu alikosa barua, waliosogeza mechi walikosa kuangalia kalenda ya shule, na hivyo vyote kwa pamoja kwenye ligi ya mechi 18 vingekuwa stori ya kuchekesha ya msimu. Ligi ya mechi nne imevigeuza kuwa msiba.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye msimamo. Wale saba wa kidato cha nne ule ndo ulikuwa msimu wao wa mwisho pamoja, matokeo yakitoka mmoja anaenda kidato cha tano Kondoa mwingine veta mwingine anaolewa, tuseme ukweli. Hawa ni umri ule ule wa Serengeti Girls walioenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India 2022, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Nchi nzima tulipiga kelele. Mtoto wa umri huo anahitaji kuonekana akiwa na miaka 15, 16, na ataonekana wapi kama mwaka mzima yuko uwanjani siku nne tu, na ya nne yenyewe hakuja.

Kwa msimu unaofuata timu imeandika barua, safari hii barua kweli, imepigwa muhuri. Wameomba mechi za timu zenye wanafunzi zisiwekwe katikati ya wiki, wameomba mizunguko miwili, yaani timu tano zicheze mechi 20 na kila timu nane, na wameomba timu zikilingana pointi waangaliwe walipokutana. La siku za wiki wamekubaliwa kwa mdomo. La walipokutana wameambiwa litajadiliwa. Kwenye mizunguko miwili wamerudishiwa swali, safari za ugenini zitatoka mbili kuwa nne, nani analipa? Na swali ni la haki kabisa, kwa sababu mi nilipiga mahesabu na kocha na hata sisi hatukuwa na jibu zima. Tulichopendekeza ni timu ya mbali ikija icheze mechi mbili safari moja, Jumamosi na Jumapili, na wapinzani wawili tofauti wakutanie kiwanja kimoja, walale shuleni madarasani kama UMISSETA, hapo unapata mechi nane kwa safari mbili au tatu. Inachosha miguu, ndiyo, lakini wasichana wenyewe nilipowauliza walinitazama kama nimewauliza kama wanataka pilau.

Nahodha hayupo tena, yuko shule ya mbali. Kocha amepunguza wa kidato cha nne kwenye usajili mpya, amechukua wanne tu na akajaza wa kidato cha pili na wengine wa mtaani waliomaliza shule wanaosaidia mama zao kukaanga samaki, orodha imefika majina 22. Tajiri wa samaki amesema safari mbili zake, yoyote itakayokuwa siku yake, hata Jumatano. Ya tatu bado haina mtu.